Usiuze Kiwanja cha Kibaha: Fedha za Uzamili Katika Sayansi ya Viumbe Hai Ziko Wapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni binti wa miaka 24, nimehitimu miezi saba iliyopita shahada ya kwanza ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia kwa GPA ya 3.7. Nimepata udahili wa uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, somo la magonjwa ya kuambukiza. Ada ni pauni 31,000 na chuo hakina ufadhili wa kunipa. Niliomba Chevening, Commonwealth na ufadhili wa chuo chenyewe, kote nimekosa. Baba mdogo amependekeza ukoo uuze kiwanja cha Kibaha ili nafasi isipotee. Mama hasemi kitu. Malipo ya awali yanatakiwa ndani ya wiki sita. Je, niende? Na kama siendi, mwanafunzi mpya wa fani yetu anapata wapi fedha? Wenzangu wananiambia niombe PhD Marekani moja kwa moja, sijui kama inawezekana bila uzamili.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa barua hiyo, maana haikuja bure. Nianze na lenye haraka: kiwanja kisiuzwe, na malipo ya awali usilipe. Mama yako hasemi, lakini amekwisha kusema.

Sikatai kwamba shahada ile ina thamani. Ila bei yake kwako si pauni 31,000. Watoa viza wa Uingereza watataka waone kwenye akaunti fedha za kujikimu, zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi kwa miezi 9, na hapo ni kwa chuo kilicho nje ya London. Kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Kuna viza yenyewe, kuna nauli, kuna koti la baridi. Ukijumlisha unafika kwenye pauni 43,000 hivi, yaani zaidi ya shilingi milioni 130. Kwa fedha hizo utasoma miezi 12, na katika hiyo miezi ya kushika kazi ya maabara kwa mikono yako ni mitatu au minne. Kisha utarudi, uanze kutafuta ufadhili wa uzamivu, na kwenye foleni utamkuta mwenzako aliyefanya uzamili wake Morogoro au Juja, Kenya, bila kuuza hata kuku, ana miaka miwili ya maabara na jina lake liko kwenye makala iliyochapishwa. Mimi nimekaa kwenye kamati za kuchagua wanafunzi. Huyo wa pili ndiye tunayemwita kwenye usaili.

Sasa nikueleze jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa, na sikuwa na mtu wa kuniambia. Tumezoea kufikiri kwamba mwanafunzi hutafuta ufadhili, akiupata anaubeba anakwenda nao chuoni. Kwa mwanasheria na kwa mtu wa utawala wa biashara mara nyingi ni hivyo. Katika fani yetu fedha nyingi hazimfuati mwanafunzi, zinalifuata swali. Shirika kama Wellcome la Uingereza, au taasisi za afya za Marekani zinazoitwa NIH, humpa mtafiti fedha za kujibu swali fulani: kwa nini mbu wa kijiji hiki hawafi tena kwa dawa ya chandarua, au ni bakteria gani wanatoka kwa ng'ombe kwenda kwa mfugaji. Ndani ya bajeti ya swali hilo, kati ya mstari wa mafuta ya gari na mstari wa vitendanishi, yaani kemikali za maabara, kuna mstari unaosema: mwanafunzi mmoja wa uzamili, miaka miwili, ada, posho, bima. Mstari huo uliandikwa wewe ukiwa bado mwaka wa pili. Hauna jina la mtu. Na mtafiti akishapata fedha, kutangaza kwake ni nusu ukurasa kwenye tovuti ya taasisi kwa wiki mbili, au anampigia mhadhiri mwenzake: una kijana anayeijua PCR (mbinu ya kuzidisha DNA maabara), mwaminifu, anayeweza kukaa kijijini miezi mitatu?

Ndivyo nilivyopata mimi. Baada ya shahada ya kwanza nilijitolea kwenye maabara moja, nikihesabu na kutambua mbu chini ya hadubini kwa miezi minane, kwa nauli ya daladala na chakula cha mchana. Nyumbani walinishangaa. Aliyekuwa amepangiwa nafasi ya uzamili kwenye mradi ule akapata kazi benki, akaondoka. Asubuhi ile ile msimamizi akaniuliza vyeti vyangu viko wapi, nikavileta kabla ya saa nane. Sikuwa bora kuliko wote waliohitimu mwaka wangu. Nilikuwa nipo, na alikuwa amekwisha kuona ninavyoandika daftari la maabara.

Kwa hiyo acha kuandika neno ufadhili kwenye simu kila jioni, anza kutafuta fedha zilikoangukia. Njia ni rahisi kuliko unavyodhani. Chukua makala kumi za miaka mitatu iliyopita juu ya somo unalolipenda, zilizofanywa Afrika Mashariki. Ruka matokeo kwanza, nenda mwisho kabisa, kwenye shukrani. Pale panaandikwa nani alitoa fedha na namba ya ruzuku. NIH wana hazina ya wazi kwenye mtandao inaitwa RePORTER, na Waingereza wana ya kwao inaitwa Gateway to Research. Zote ni bure. Ukiingiza namba ile au jina la mtafiti, unaona kiasi alichopewa, tarehe mradi ulipoanza na tarehe unapokwisha. Mradi ulioanza mwaka huu unatafuta watu. Mradi uliobakiza miezi minane hautafuti mtu, hata kama mwenye mradi ni mwema kiasi gani, na akikujibu kwa upole usiuchukulie upole huo kuwa ni nafasi.

Tarehe hizo zina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na miradi mingi ya afya iliyokuwa ikiajiri vijana wa maabara ikasimama nalo. NIH nao walibadilisha namna wanavyopeleka fedha kwa washirika walio nje ya Marekani. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Milango ya wafadhili haijafungwa yote, ila usimwamini mtu anayekwambia fedha zipo kwa sababu mwaka juzi zilikuwepo.

Hapa karibu, ningekuwa wewe ningeanza na nyumba hizi. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo ilianza kama maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950 kule bondeni Kilombero, ina shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii kwa kushirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, na ina kawaida ya kuwapandisha vijana wake kutoka usaidizi wa utafiti hadi uzamivu. Chuo cha Sokoine, Morogoro, kina kituo cha SACIDS cha magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na mifugo, na kina uzamili wa biolojia ya molekuli unaofuata mtazamo wa Afya Moja, yaani afya ya binadamu, wanyama na mazingira kwa pamoja, ambao kwa shahada uliyo nayo umekukaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako. Benki ya Dunia ilivipa fedha vituo vya namna hiyo katika nchi nane za mashariki na kusini mwa Afrika kuanzia 2016. Fedha za mpango ule zilikuwa na mwisho wake, kwa hiyo uliza kituo kinategemea nini leo.

Vuka mpaka kidogo. Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ndipo palipo tawi la sayansi la Chuo Kikuu cha Afrika, kilicho chini ya Umoja wa Afrika. Wana uzamili wa biolojia ya molekuli na bioteknolojia, fani yako hasa, na anayechaguliwa husomeshwa: ada, posho, nauli. Wana kikomo cha umri, kwa wanawake wa uzamili ni miaka 35, kwa hiyo una nafasi ya kuomba hata mara ya tatu. Wasichana wetu wengi hawaujui mlango huu na nasikitika kila mwaka nikiona idadi ya Watanzania wanaoomba. Uende.

Nairobi kuna icipe, kituo cha wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, chenye programu ya uzamivu inayoitwa ARPPIS tangu 1983, na nyingine, DRIP, inayowapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu waje wafanyie utafiti wao pale wakiwa wamesajiliwa vyuo vyao. Nairobi huko huko kuna ILRI, taasisi ya mifugo, ambayo nayo hupokea wanafunzi wa utafiti. Kilifi, pwani ya Kenya, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, na Wellcome wako pamoja tangu 1989, na wamekuwa wakilea vijana wa Kiafrika kuanzia mafunzo ya vitendo, wakawapeleka uzamili, wakawapeleka uzamivu. Kama ungeniuliza ni wapi Afrika Mashariki ngazi hiyo imejengwa vizuri kuliko kwingine, ningekutajia Kilifi.

Kuna mlango mwingine ambao hauna kibao nje. RUFORUM, mtandao wa vyuo wenye makao Kampala, umekuwa ukitoa ruzuku kwa wahadhiri wa kilimo na mifugo kwa sharti kwamba kila ruzuku isomeshe wanafunzi wawili wa uzamili. Maana yake ni kwamba mhadhiri akishinda, ni yeye anayekutafuta wewe. Ukisoma kwenye tovuti yao kwamba mhadhiri fulani wa Sokoine au Makerere ameshinda, mwandikie wiki hiyo hiyo.

Nafasi ya mkufunzi msaidizi chuoni, ile tunayoiita TA, nayo husomesha, na mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliutengea dola milioni 425 mwaka 2021, uliwapeleka watumishi wengi wa vyuo vya umma kusoma. Lakini vyuo vya umma hutaka GPA ya 3.8. Wewe una 3.7. Uchungu wa hiyo 0.1 naufahamu, nimeuona kwa wanafunzi wangu, na sitakudanganya kwamba kuna njia ya kuuzunguka. Miradi ya utafiti haina ukuta huo. Na Bodi ya Mikopo hasa ilijengwa kwa ajili ya shahada ya kwanza, usiiwekee mpango wako.

Tuje kwenye ufadhili wa ushindani uliokukatisha tamaa. Chevening hukukosa kwa kushindwa. Wanataka saa 2,800 za kazi, karibu miaka miwili, na wewe hata leo una miezi saba tu tangu uhitimu. Fomu yako ilitoka kwenye mchujo kabla mtu hajaisoma hadithi yako. Kazi ya usaidizi wa utafiti inahesabika, hata ya kujitolea, na ni vizuri uwe na barua inayoonyesha saa. Kwa hiyo kila mwezi utakaokaa maabara unajenga pia ombi la Chevening. Commonwealth rudi tena. Safari hii tazama hasa ule wa Shared, ambao gharama hugawanywa kati ya tume ya ufadhili na chuo na unalenga watu ambao bila huo wasingeweza kusoma Uingereza. GPA yako ni daraja la pili la juu, inatosha kuingia mlangoni. Angalia orodha ya kozi inapotoka, kwa kawaida kati ya Septemba na Desemba, chagua kozi kwanza, ndipo uandike.

Ila kwa mtu aliye mahali ulipo, ule ninaoupenda kuliko wote ni Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya. Unasoma miaka miwili katika vyuo viwili au vitatu vya nchi mbalimbali, hulipi ada, unapata euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, na hawaulizi miaka ya kazi kama Chevening. Kumekuwepo programu moja ya chanjo, inaitwa LIVE, na moja ya magonjwa ya kuambukiza na Afya Moja, inaitwa IDOH. Unaomba kwa programu yenyewe, na wengi hufunga kati ya Desemba na Februari. Kwa nini naipenda? Kwa sababu nusu nzima ya mwaka wa pili ni maabara, unafanya utafiti kamili, unatoka na msimamizi wa Ulaya anayekujua kwa kazi. Barua yake ndiyo itakayokupatia uzamivu.

DAAD ya Ujerumani ina ofisi Nairobi, na ina mpango wa kusomesha watu ndani ya kanda yetu hii hii, kwenye vyuo na taasisi ilizozichagua. Kwao shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita, kwa hiyo saa inahesabu lakini haikukimbizi. Japani ina ufadhili wa serikali uitwao MEXT, unaomba kupitia ubalozi wao Dar es Salaam, kwa kawaida miezi ya Aprili na Mei. Ni mzuri kwa mtu wa maabara ila inakusaidia ukiwa umekwisha kuzungumza na profesa wa kule. Kuna pia OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi yenye makao Trieste, Italia, ambayo imesomesha uzamivu wanawake kutoka nchi kama yetu katika vyuo vya nchi nyingine zinazoendelea. Hiyo iweke akilini kwa baadaye.

Neno moja kuhusu mawakala. Chevening, Commonwealth, DAAD na Erasmus Mundus hawatozi shilingi hata moja kuomba. Mtu akikuomba laki mbili za kushughulikia ufadhili, funga simu.

Kuhusu PhD ya Marekani, wenzako wamekwambia kweli, nusu. Ndiyo, kule unaweza kutoka shahada ya kwanza ukaingia uzamivu moja kwa moja, na katika sayansi ya viumbe hai ni jambo la kawaida. Anayepokewa kwenye programu nzuri halipi ada, ana bima, na anapewa posho ambayo mara nyingi iko kati ya dola 30,000 na 50,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza hulipwa na programu au shule ya uzamili. Unazunguka maabara tatu hivi, wiki nane hadi kumi kila moja, mwishoni unachagua moja na yenyewe inakuchagua. Kuanzia hapo unalipwa na ruzuku ya mwenye maabara, au kwa kufundisha. Unaona? Hata kule fedha zinalifuata swali.

Nusu ya pili wasiyokwambia ni hii. Fedha nyingi za serikali za kumlipia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si zako. Ruzuku za mafunzo za NIH, zile za T32, ni za raia na wakazi wa kudumu. F31, ule wa NIH anaoombewa mwanafunzi mmoja mmoja, vilevile. Ufadhili mashuhuri wa NSF, shirika la sayansi la serikali ya Marekani, unaolipa posho ya dola 37,000 kwa mwaka, nao vilevile. Kwa hiyo programu inayotegemea T32 kwa mwaka wa kwanza ina viti vichache kwa mgeni, na hilo halionekani kwenye tangazo. Mwandikie mratibu wa programu umuulize hivi: kati ya wanafunzi mliopokea mwaka jana, wangapi walitoka nje, na mwaka wa kwanza walilipwa na mfuko upi? Akijibu kwa namba, omba. Akijibu kwa maneno matamu, hifadhi ada yako ya maombi, ambayo mara nyingi ni dola 75 hadi 125 kwa chuo kimoja. Na kabla ya kuilipa omba msamaha wa ada, vingi hutoa kwa mtu wa kwetu akiomba mapema. Mtihani wa GRE, wa kuingilia masomo ya juu kule, programu nyingi za baiolojia zimeuacha, usiulipie mpaka uone umeandikwa.

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu kule. Fedha za NIH ziliyumba, baadhi ya programu zilipunguza nafasi, na kuna waliofuta barua za udahili walizokwisha kuzitoa. Masharti ya viza nayo yamebadilika kwa kufuata uraia wa mwombaji, na yamebadilika zaidi ya mara moja. Soma taarifa ya ubalozi ya wiki ile unayoomba, usisome ya rafiki yako ya mwaka jana. Ukipata nafasi, vyuo vingi vimekubaliana kutokumlazimisha mwanafunzi kuamua kuhusu ofa yenye fedha kabla ya Aprili 15, kwa hiyo usikubali kusukumwa Februari.

Ushauri wangu: Marekani iombe, lakini baada ya mwaka mmoja wa maabara. Programu hizo hupima uzoefu wa utafiti kuliko GPA. Ukiomba leo una mradi wa mwaka wa mwisho tu, ukiomba mwakani una barua ya mtu aliyekuona ukikosea jaribio mara nne na kulirudia mara ya tano.

Ulaya ya kaskazini kwa sasa iache. Sweden, Denmark, Uholanzi na Ujerumani uzamivu ni ajira: nafasi inatangazwa kama kazi, una mkataba na mshahara (Ujerumani kwa watu wa fani yetu mara nyingi ni asilimia 65 ya mshahara kamili wa ngazi yao). Ni utaratibu mzuri sana, ila karibu kote wanataka uwe na uzamili kwanza. Uingereza pia, nafasi za uzamivu za UKRI, shirika la serikali linalofadhili utafiti, zimefunguliwa kwa wageni tangu 2021, kwa idadi yenye kikomo, na posho yake ya chini kwa mwaka 2025/26 ni pauni 20,780. Linganisha hilo na unachotaka kulipa wewe sasa: chuo kile kile kinachokudai pauni 31,000 kwa mwaka mmoja, kinaweza kukulipa wewe ukirudi na uzamili wa nyumbani.

Utakapopata nafasi kwenye mradi, usiseme ndiyo siku hiyo hiyo. Hapa naongea kwa maumivu. Katikati ya mwaka wangu wa pili wa uzamili ruzuku ya mradi iliisha. Sampuli zangu zilikuwa kwenye friji la nyuzi hasi 80, zaidi ya mia tatu, na vitendanishi vya kuzifanyia kazi havikuwepo. Posho ilikoma. Ada ya mwaka wa pili ikawa haina mwenyewe. Nilikaa miezi sita nikingoja, nikifundisha tuisheni ya kidato cha nne ili nilipe chumba, na kila umeme ulipokatika usiku niliamka nikifikiria friji. Hakuna aliyekuwa amenidanganya. Sikuwa nimeuliza.

Kwa hiyo uliza, kwa heshima, na kwa maandishi: mradi unakwisha mwezi gani? Ada ya mwaka wa pili iko kwenye bajeti au itatafutwa? Vitendanishi vyangu vina mstari wake, tofauti na posho? Hili la mwisho ndilo wanafunzi husahau, wakati kwa uzamili wa maabara hapa nyumbani ada si mzigo mkubwa. Mzigo ni vitendanishi, vinavyoagizwa nje, vinavyokaa bandarini au uwanja wa ndege wakati barafu yake inayeyuka, na kupelekea sampuli zikasomwe vinasaba. Uliza pia chuo kinatoza ada ya maabara kando au la, na matokeo yakichapishwa jina lako litakaa wapi. Msimamizi mzuri hachukizwi na maswali haya. Mimi nikiulizwa hayo namheshimu aliyeuliza, maana najua atauliza vilevile kuhusu data.

Barua ya kumwandikia mtafiti iwe fupi, isizidi skrini moja ya simu. Sentensi ya kwanza itaje makala yake moja uliyoisoma na jambo moja ndani yake lililokusumbua, si lililokufurahisha tu. Ya pili iseme unachoweza kufanya kwa mikono bila kusimamiwa: kutoa DNA, kuendesha PCR, kukuza bakteria, kuandika programu ndogo ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Usiandike usichokijua, tutakujua ndani ya saa moja. Kisha umuulize kama mradi wake, utaje jina la mradi, una nafasi ya msaidizi au mwanafunzi wa uzamili. Usiombe ufadhili kwenye barua ya kwanza. Usiwaandikie watu ishirini barua moja, tunaonyeshana. Andika kwa watano, kila mmoja ya kwake. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja, basi. Walio Morogoro, Bagamoyo au Muhimbili unaweza kuwafuata ofisini, na nakushauri uwafuate.

Chuo cha Uingereza nacho kiandikie leo, usingoje wiki sita zikwishe. Waambie unaishukuru nafasi, unaomba waiahirishe hadi mwakani ili utafute ufadhili, na uulize kama malipo ya awali yanahitajika kwa kuahirisha. Vyuo vingi hukubali. Wakikataa, hujapoteza kitu, kwa kuwa waliokukubali mara moja watakukubali tena ukiwa na mwaka wa maabara. Wakikubali, peleka barua hiyo hiyo kwenye ombi lako la Commonwealth, unakuwa umeshika udahili mkononi.

Kwa baba mdogo nenda na karatasi ya hesabu: ada, fedha za kujikimu, afya, viza, nauli, jumla kwa shilingi. Mshukuru kwanza, maana mtu aliyekuwa tayari kuuza ardhi kwa ajili ya shule ya mtoto wa kaka yake ni mtu wa kushukuriwa. Mwombe badala ya kiwanja akusaidie chumba na nauli Morogoro kwa miezi sita wakati unajitolea. Hilo ukoo unaliweza bila kuumia.

Ile barua ya kwanza kwa mtafiti, kabla hujaituma, mpe mtu wa fani aisome. Ukikosa mtu, niletee mimi. Niambie na makala uliyoichagua, nami nitaisoma kabla ya kuisoma barua yako.